Mshono Chini ya Kapeti

Umewahi kununua kitu kibovu huku ukijua ni kibovu?

Usimtazame jirani yako. Nimekuuliza wewe. Na usiniambie ulidanganywa, maana hilo ndilo jibu tunalotembea nalo mfukoni, tumelikunja vizuri, tunalitoa kila tunapobanwa. Nimesema: huku ukijua.

Kaa nalo hilo swali. Mimi nitawasimulia mfano, na niwaonye mapema kwamba hauna malaika.

Kulikuwa na fundi mmoja wa magari katika mji wa nyanda za juu, mji wa baridi na ukungu, wenye barabara moja tu ya kutokea. Barabara hiyo inashuka mlima kwa kona zisizopungua arobaini. Kwa hiyo katika mji ule hakuna mtu anayefanya mzaha na breki. Mtu akitaka kununua gari, hata awe na shahada tatu, hata muuzaji awe shemeji yake, hakutoa hela mpaka fundi yule alikague. Walimtania wakamwita Daktari wa Maiti. Walisema yeye anaweza kukuambia gari limekufa kwa nini hata kama bado linatembea.

Alikuwa na utaratibu wake, na hakuubadilisha kwa ajili ya mtu yeyote. Kwanza alitaka injini iwe baridi. Akifika akakuta muuzaji ameshaliwasha, eti "nilikuwa nakupashia, fundi," hakugombana naye. Alinunua karanga, akakaa juu ya tairi, akasubiri saa mbili lipoe. Kwa nini? Kwa sababu injini mbovu ikishapata moto hujifanya nzima. Kweli yake huisema pale inapoamshwa, kwa kikohozi chake na moshi wake wa buluu. Ninajua watu wa namna hiyo pia, lakini tuendelee.

Kisha alitoa sumaku ndogo aliyoifunga uzi, akaipitisha taratibu juu ya bodi. Penye bati, sumaku inashika. Palipojazwa puti na kupakwa rangi juu yake, inaanguka. Kisha vioo. Kila kioo kina mwaka wake umechapwa kwenye kona, na gari lenye vioo vya miaka miwili tofauti lina habari ambayo hujaambiwa. Kisha matairi, kama yameliwa upande mmoja. Mwisho alivua koti, akatandika gunia, akalala chali na kuingia chini, na huko ndiko alikokaa muda mrefu kuliko kote. Akitoka alichukua chaki akachora alama kwenye kioo cha mbele: vema kama linafaa, mkasi kama halifai. Hakuwa mtu wa maelezo.

Siku moja mzee fulani, mtu wa heshima zake, alipoona mkasi kwenye gari alilokuwa ameshalipenda, alimfuata.

"Lakini fundi, mbona linang'aa hivi?"

"Mzee wangu, hata jeneza linang'aa," fundi akasema, akakusanya spana zake akaondoka.

Mnampenda, eh? Na mimi nampenda. Ndiyo maana mfano huu unauma.

Fundi huyu tangu ujana wake alikuwa na tamaa moja. Alipokuwa bado anajifunza kazi, alipita mjini mgeni mmoja na gari la mbio, la milango miwili, fupi, limelala chini kama paka anayevizia. Alilitazama mpaka likapotea kwenye kona. Tangu siku hiyo, miaka ishirini na zaidi, alikuwa akitengeneza malori ya viazi na pikapu za mbolea, na kichwani mwake paka yule bado anavizia. Hakumwambia mtu isipokuwa mkewe, na mkewe alicheka, akamwambia, "Baba Atu, utaliegesha wapi? Kwenye mahindi?"

Atu alikuwa binti yao, mtoto wao wa pekee, Atuganile kwa jina kamili. Wengine katika mfano huu nitawaacha bila majina. Huyu nampa jina kwa sababu ndiye atakayekufa.

Basi, mwaka mmoja akaja mtu kutoka mbali, akafungua yadi ya magari mwisho wa mji. Na siku moja yadi ile ikashusha gari jekundu, milango miwili, la miaka ishirini na nne. Fundi hakuitwa kulikagua. Alikwenda mwenyewe.

Alipofika, injini ilikuwa tayari ya moto. Muuzaji alikuwa amelihamisha kutoka upande mmoja wa yadi hadi mwingine. Siku hiyo fundi hakununua karanga.

Alitoa sumaku. Kwenye mlango ikashika. Kwenye ubavu wa nyuma ikaanguka. Akaiokota akaitia mfukoni, asiirudie tena. Akaangalia kioo cha mbele, akaangalia cha nyuma, akaona miaka miwili. Akalala chini, lakini si kwa muda mrefu, maana chini ya gari lile palikuwa pamepakwa dawa nyeusi ya kuzuia kutu, mbichi kabisa, na fundi yeyote anajua kwamba dawa mbichi chini ya gari kuukuu imepakwa ili kuficha kitu. Akainuka. Akafungua mlango, akasogeza kiti cha mbele, akainua kapeti.

Mshono ulikuwa pale. Ulianza ubavu mmoja ukaisha ubavu wa pili, nyuma tu ya viti vya mbele, kama kovu la tumbo la mtu aliyepasuliwa. Gari lile lilikuwa magari mawili. Moja liligongwa nyuma, jingine liligongwa mbele, na mtu mwenye mashine ya kuchomelea akachukua nusu iliyo nzima ya kila moja akaziunga.

Sasa sikilizeni vizuri. Muuzaji, yule mtu wa kuja, ambaye wote mmeshaanza kumchukia, alisogea akasimama nyuma yake.

"Fundi, wewe ni mtu wa kazi, sikufichi," akasema. "Hilo limekatwa likaungwa. Mimi mwenyewe nililipata hivyo. Nauza kama spea. Chukua injini, chukua giaboksi, bodi iache kuku walalie."

"Aliyeunga anajua kazi."

"Hata angejua. Mshono ni mshono."

"Nitaongeza vyuma."

"Fundi, angekuletea mteja, ungemwambiaje?"

Fundi akarudisha kapeti mahali pake, akalisawazisha kwa kiganja, kama mtu anayetandika kitanda.

"Mimi si mteja," akasema.

Maneno matatu. Sisi wenye elimu tungeandika kurasa kumi tusiyafikie. Kwa wengine wote kuna sumaku, kuna gunia, kuna mkasi wa chaki. Kwangu mimi kuna sababu maalumu. Mimi najua ninachofanya. Mimi nitaongeza vyuma.

Alipolifikisha nyumbani, mkewe alilizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mkaguzi wa shule.

"Umeliangalia vizuri, Baba Atu?"

"Nimeliangalia."

Ona jibu hilo lilivyo safi. Hakuna uongo ndani yake. Ukilipeleka mahakamani litashinda.

Na vyuma alivinunua, nimtendee haki. Alivinunua, akavikata kwa vipimo, akaviegemeza nyuma ya mlango wa gereji. Vikakaa hapo mwezi wa kwanza. Vikakaa mwezi wa pili. Kila Jumamosi alipata nafasi ya kuipiga rangi polishi, lakini nafasi ya vyuma haikupatikana, kwa sababu kuviweka vyuma kungemlazimu kung'oa kapeti, na watu wangemuuliza unang'oa kapeti kwa nini. Mji mzima ulikuwa unalisifia gari. Watoto walilikimbilia. Mchungaji alikuja akaliombea, akaweka mkono juu ya boneti, na fundi akafumba macho akaitikia amina.

Kisha ikafika siku ya Atu kwenda chuo kikuu. Alikuwa ameshakata tiketi ya basi. Asubuhi, sanduku liko uani, mama yake akasema:

"Basi la nini, na baba yako ana gari kama hili? Nataka wakuone ukishuka getini."

"Mama, sanduku halitaingia nyuma. Kuna kinafasi cha paka tu."

"Sanduku likae mbele. Wewe ndiye ukae nyuma, si mwembamba? Baba Atu, si ataenea?"

Fundi alikuwa amesimama pale, ameshika kitambaa cha kufutia kioo. Nawauliza, ndugu zangu, ilihitajika nini? Hatumdai ushujaa. Hatumdai hata kukiri. Angeweza kusema breki hazijakaa sawa. Angeweza kusema hana mafuta. Uongo mdogo kama ule tunaosema kila siku kwenye simu ungemwokoa mtoto. Lakini uongo huo ungelichafua gari mbele ya mkewe, na gari alilipenda.

"Lete sanduku," akasema.

Akalikalisha sanduku kwenye kiti cha mbele, akalifunga mkanda.

Kwenye moja ya zile kona kulikuwa na lori limeharibika. Fundi alilikwepa vizuri, maana alikuwa dereva mzuri, lakini tairi la mbele likagonga ukingo wa mtaro. Gari jingine lingepinda bampa, watu wakashuka, wakalaumiana, wakaendelea na safari. Lile lilifunguka pale lilipoungwa. Nusu ya mbele ikabaki barabarani, fundi ndani yake mkono umevunjika, na sanduku pembeni yake limekaa vilevile, halina hata mkwaruzo. Nusu ya nyuma ikaenda bondeni.

Sitaongeza neno hapo. Mnajua nani alikaa nyuma.

Watu wakajaa msibani. Na mnajua walisemaje, maana mngekuwapo mngesema hivyohivyo. Ni mpango wa Mungu. Kazi yake haina makosa. Nimekaa kwenye misiba mingi, nimesikia Mungu akibebeshwa mambo ambayo hata shetani angekataa kusaini. Mungu hana mashine ya kuchomelea. Mungu hakupaka ile dawa nyeusi.

Polisi walipoonyesha vipande, mji ukapata wa kumlaumu. Ni yule mtu wa kuja. Vioo vya ofisi yake vikapigwa mawe, mlinzi wake akapigwa kofi sokoni. Ukiuliza fundi gani mjini anaweza kuuziwa gari la namna ile asione, jibu lilikuwa tayari: alifumbwa macho. Kwa nini alifumbwa yeye na si mwingine? Basi, ndivyo ilivyo, alifumbwa.

Siku ya kuanua matanga ikafika. Katika ukoo ule wana desturi yao. Kabla moto wa uani haujazimwa na viti vya kuazima havijarudishwa, baba mkubwa husimama akauliza: kuna mwenye neno juu ya kifo hiki? Aseme hapa, asiondoke nalo. Kwa kawaida hakuna anayesema. Watu huwa wanawaza usafiri.

Mchana ule, baba mkubwa, kaka yake fundi, alipokuwa anasimama, muuzaji akaingia na mfuko wa mchele begani. Akautua chini. Vijana wawili wakainuka, baba mkubwa akawazuia kwa mkono.

"Una moyo mgumu, bwana," akamwambia. "Umekuja kuangalia kama tumekwisha?"

"Nimekuja kuhani, mzee."

"Kuhani. Umuuzie mdogo wangu kifo, halafu uje kuhani."

"Mzee, mimi nilimwambia. Nisingeficha jambo kama lile. Aliinua kapeti kwa mkono wake mwenyewe nikiwa nimesimama. Mwulize, si huyo hapo."

Wote wakageuka. Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi, mkono umefungwa plasta, kichwa kimeinama.

"Alikuambia?" akauliza kaka yake.

"Hakuniambia kitu."

"Fundi," muuzaji akasema, taratibu.

"Sikuona kitu," fundi akasema.

Na wakamwamini. Unajua kwa nini? Kumwamini kulikuwa rahisi. Ukimwamini fundi, mbaya ni mmoja, tena si wa kwetu, mtamfukuza jioni mkalala. Usipomwamini, itabidi ukumbuke kwamba wewe nawe uliliona gari lile kwa karibu, ukaona rangi ya nyuma haifanani sawasawa na ya mbele, ukajiambia ni jua.

Hapo nawasimamisha, nizungumze nanyi uso kwa uso.

Sisi si watu wa kudanganywa. Tuache kujipamba. Sisi tuna sumaku, na tumeipitisha, na imeanguka, na tumeitia mfukoni. Tulimwoza binti yetu kwa mwanaume ambaye tulishaiona mikono yake ikipiga, kwa sababu kadi za mwaliko zilikuwa zimeshachapwa. Tulimpa yule mtu darasa la watoto, ingawa mahali alikotoka walituambia, tena walituambia wazi, kwa sababu ana sauti nzuri ya kuimba. Mnanitazama. Haya, twende karibu zaidi. Ukuta wa chumba cha Shule ya Jumapili, huo hapo nyuma yenu, una ufa unaopitisha kidole. Mwezi uliopita tuliujaza saruji tukaupaka rangi ya maziwa kwa sababu askofu alikuwa anakuja. Nani kati yetu hakuuona? Mimi niliuona. Nilichagua hata rangi.

Na angalieni jambo moja, ndilo linaloninyima usingizi. Anayejua akanyamaza, mara nyingi ni yeye anayetoka na mkono uliovunjika. Anayekwenda bondeni ni aliyekaa nyuma. Hakuwahi kuinua kapeti. Hakujua kuna kapeti. Alisema tu sanduku halitaingia.

Na tukishafika hapo tunajua kuomba msamaha kwa namna yetu. Tunasema, sisi sote ni wenye dhambi. Ni kweli, na ni maficho mazuri sana, maana kwenye "sisi sote" hakuna atakayekuona. Tunasema, yametokea. Yametokea yenyewe? Tunasema, kulikuwa na mapungufu. Ya nani? Toba ninayoijua mimi ina mtu mmoja, na ina tendo moja, na inasemwa mbele ya yule aliyeumizwa, ukiwa na kila nafasi ya kunyamaza.

Fundi alikuwa nayo nafasi hiyo. Sikilizeni ilivyokuwa.

Muuzaji alipoona hakuna wa kumsikia, alichukua kofia yake aondoke. Na hapo mama yake Atu, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, akasimama. Hakuwa amezungumza tangu mazishi.

"Mwacheni huyo baba," akasema. "Mnahangaika na watu bure. Mtoto alikuwa na tiketi ya basi. Mimi ndiye niliyemtoa kwenye basi."

"Mama Atu, kaa," wanawake wakamwambia. "Si wewe. Usiseme hivyo."

"Nisisemeje? Alisema sanduku halitaingia. Mimi nikamwambia akae nyuma. Nilitaka waone getini kwamba mtoto wa fundi naye ana kwao. Baba yake hakusema neno, maskini, alifanya nilichotaka. Ni mimi niliyemuua. Nilisema niseme hapa, nisiondoke nalo, lakini nitaondoka nalo tu."

Baba mkubwa akakohoa. Lawama ilikuwa imeshapata wenyewe wawili, muuzaji na mama, na kwa fundi haikubaki hata kidogo. Alichotakiwa ni kukaa tu. Angekaa, mkewe angeibeba mpaka kaburini, tena angembembeleza mumewe usiku kwa kufiwa na mtoto.

"Kuna mwingine mwenye neno?" baba mkubwa akauliza, akiwa ameshageuka kuutazama moto uzimwe.

Fundi akasimama. Hakumtazama kaka yake, wala muuzaji. Alikwenda mpaka kwenye mkeka, akasimama mbele ya mkewe.

"Mama Atu, si wewe," akasema. "Niliinua kapeti. Niliuona mshono, niliupapasa kwa kidole kutoka mlango mpaka mlango. Huyu bwana aliniambia nisiliendeshe, nikalichukua kwa sababu nililitaka. Asubuhi ile, ulipomwambia mtoto akae nyuma, mimi nilijua nyuma kuna nini, na nikamwambia alete sanduku."